Makasi ya Lusenge

Mfikirie Lusenge akifika, msomaji wangu. Ni asubuhi, ukungu wa Butembo haujainuka, na yeye anateremka kwenye udongo mwekundu wa mtaa wa Kimemi, mikono ameitia mifukoni. Usidhani ni baridi, ingawa baridi ipo. Anaificha kwa sababu inatetemeka. Anasimama mlangoni mwa ateliye ya Mama Kahongya, mahali alipokuwa mkataji wa nguo miaka mingi, na jambo la kwanza analotazama si watu. Anatazama ukutani. Makasi yake makubwa yametundikwa kwenye msumari, nyuma ya kiti cha Mama.

"Umekuya?" Mama Kahongya akamuuliza.

"Nimekuya, Mama. Vidonge niliacha."

"Asante Mungu. Ikala pale, ushone vifungo."

Vifungo! Paulin, fundi mwenzake, akasimamisha cherehani kusudi asikie vizuri. "Karibu, fundi wa ndege za kuanguka!"

Ngoja nikueleze hilo neno la ndege, maana ndilo lililomvunja.

Vita ya pili ya Kongo ilipokuwa mbichi, askari walileta mitumba ya kitambaa cha kijani, wakataka mavazi yote yawe tayari kesho yake. Nani angewaambia hapana? Mmoja wao, kijana mchangamfu, akampa Lusenge vidonge vyeupe kwenye karatasi. "Meza, leki, ndugu yangu. Usingizi itakuogopa." Na kweli ulimwogopa. Alikata mpaka jua likatoka, mkono mwepesi, kichwa kinang'aa, akijiona anaweza kuivalisha Kongo nzima. Askari walipoondoka, vidonge havikuondoka pamoja nao. Madereva wa barabara ya Kasindi, kule mpakani, walikuwa navyo. Akavimeza kwa ajili ya Noeli, kwa ajili ya harusi, mwishowe kwa ajili ya kuweza kuamka tu.

Hapo ndipo wamama wa kwaya walipoleta kitenge chao, chenye ndege mkubwa ambaye wote walitaka asimame wima kifuani. Lusenge akakata haraka, bila kupima mara ya pili. Siku ya sikukuu, ndege wote walining'inia vichwa chini, na nguo ya kiongozi wa kwaya, Mama Berthe, ilikuwa na mikono miwili ya upande mmoja. Kanisa zima lilicheka. Kitenge kikishakatwa kimekatwa, hakuna wa kukirudisha. Jumatatu yake Mama Kahongya aliyachukua makasi bila kelele, akayatundika.

Kwa hiyo sasa unajua Lusenge alichokuja kukitafuta asubuhi ile. Vifungo alivikubali. Alichokitaka ni kile chuma pale juu.

Alidhani akiacha vidonge kichwa kitarudi kama mgeni aliyetoka kidogo. Hakikurudi. Aliambiwa jambo hapa, akifika mlangoni limemtoka. Bintiye Bénite alipomchezea, yeye alimtazama kama anatazama mvua. Akaenda kwa Virginie, muuguzi wa Bulengera aliyemsaidia kuacha.

"Miye ni muvivu, ao nimerogwa?"

"Hapana yote mbili," Virginie akasema. "Ikala. Furaha iko na njia yake mu bongo. Mutoto akicheka, chakula ikinukia, matone kidogo inapita. Kidonge yako ilikuwa inamwaga pipa nzima mara moja. Bongo ikaona mafuriko, ikafunga milango mingi. Donc sasa matone ikikuya, inakuta kumefungwa."

"Na kusahau?"

Akamgusa kipaji cha uso. "Hapa mbele ndiyo tunapangiaka: hii kwanza, ile nyuma. Kidonge inakondesha hapa, inakondesha na pahali pa kukumbukia. Mu picha za kichwa za hospitali inaonekana, si maneno ya kukutisha."

"Itarudi?"

"Mingi inarudi, polepole, mwaka na zaidi. Yote, siwezi kukuahidi. Mais bongo inajuaka kutoboa njia mupya, kama unaitumikisha. Ile vifungo, shona. Na ukifanya kazi, sema kwa sauti unachofanya."

Akarudi, akashona. "Sindano chini. Sindano juu. Zungusha. Funga." Paulin alimwigiza mpaka ateliye nzima ikawa inacheka: "Sindano chini, akili juu!" Lusenge akaendelea kushona. Hasira nayo ilihitaji nguvu, na hizo hakuwa nazo.

Jaribu lililo kubwa lilitoka nyumbani, tena kwa upendo. Mke wake, Kaswera, alichoka kuishi na mtu kama ukuta. Mchana mmoja akamwekea viazi vitamu, na pembeni ya sahani, kidonge kimoja cheupe.

"Papa Bénite, meza hii moja tu. Niliolewa na mutu mwenye kucheka."

Lusenge alikitazama. Mate yakamjaa kinywani, moyo ukaanza kupiga kabla hata hajakigusa.

"Mama Bénite, ile kicheko ya nyuma ilikuwa ya kidonge. Yangu ingali njiani. Tosha, tupa hii kitu weye mwenyewe, mbio! Mukono yangu ikiishika, itaipeleka mu kinywa."

Kaswera alikinyakua, akakimbia nacho hadi chooni. Aliporudi alikuwa analia, na wakala viazi vile pamoja.

Miezi ikapita, mvua na kiangazi. Siku moja Paulin akageuka ghafla. "Nani anaimba?" Alikuwa Lusenge, juu ya vifungo vyake, wala hakujua kwamba anaimba.

Mwaka 2003, habari za vita kwisha na serikali moja ya nchi nzima zilipofika, wamama wa Butembo na wa Beni walipatana kuimba pamoja kule Beni, wote katika kitenge kimoja. Mama Berthe alipofungua mzigo mezani kwa Mama Kahongya, Paulin alipiga mluzi. Ndege yule yule!

"Yeyote akate," Berthe akasema, "isipokuwa Lusenge."

Mama Kahongya alisimama, akanyoosha mkono nyuma ya kiti, akayatoa makasi na kuyaweka mbele ya Lusenge.

Hakuyashika. Kwanza alitandaza kitenge, akachora kwa chaki mshale mdogo kando ya kila ndege. "Kichwa juu. Kifua. Mukono wa kuume. Mukono wa kushoto." Akapima, akafuta, akapima tena.

"Anasali?" Paulin akanong'ona.

"Nyamaza," Berthe akasema, "asikose tena!"

Ndipo akayashika. Mkono ulitetemeka ukiwa hewani. Chuma kilipouma kitambaa, ukatulia.

Kule Beni, wamama waliposhuka kwenye lori wakiimba, ndege wote walikuwa wima, vichwa juu, kifua kwa kifua, kama kundi linalotaka kuruka. Wamama wa Mbau na wa Oicha, waliofika kutoka jirani na Beni, walipiga vigelegele. Mtu akauliza nani amekata. "Fundi yetu!" Berthe akapaza sauti, akamvuta Lusenge katikati kwa mkono ule ule wa kukatia. Bénite akaruka, akaiga ndege kwa mabawa ya vidole, na Lusenge akacheka. Alicheka mpaka akashika mbavu, na Kaswera, katikati ya kelele yote ile, akageuka kwa sababu alikisikia kicheko hicho na hakikufanana na kile cha zamani, cha vidonge.

Majina bado yanamtoka. Asubuhi za baridi kali, anangoja mkono upate joto. Lakini kwenye msumari ule sasa inatundikwa kofia ya Paulin.

Na wewe uliyenisikiliza mpaka hapa: kama kiti kile cha Mama Kahongya kingekuwa chako, yale makasi ungeyatoa ukutani siku gani?