Nilivyofuata Miche ya Mbarika Kibosho

Niliondoka Moshi kwa sababu ya kuku. Miaka ile ya tisini nilikuwa nafundisha baiolojia kidato cha sita, na nilikuwa nimeapa mbele ya darasa kwamba Jumatatu nitawaonyesha seli za mmea zikiingiza sukari kupitia milango ya protini.

"Mwalimu, huo mlango wa protini umewahi kuuona?" Adela, binti mbishi kuliko wote, aliniuliza. Darasa likaangua kicheko. Basi nikaotesha mbarika, mmea wa mafuta ya nyonyo, nyuma ya nyumba, na Ijumaa kuku wa jirani wakaifukua miche yote.

Jumamosi asubuhi nilidandia pikapu ya Kibosho kwenda kwa shangazi Felista. Mbarika hujiotea hovyo pembeni mwa kihamba chake, shamba la ukoo, kati ya migomba na kahawa. Njiani pikapu ikazama kwenye tope. Nikavua viatu, nikapanda kilima kwa miguu, nikiteleza na kucheka peke yangu kama mwehu.

Saa tano nilibisha hodi.

"Shikamoo shangazi."

"Marahaba. Nani kafa?"

"Hakuna. Nimefuata mbarika."

Akaangalia tope lililonifika magotini. "Umetoka mjini kufuata magugu?"

Tulipokula kiburu, ndizi zilizopikwa na maharage, nikamweleza. Utando wa seli haupitishi sukari hivi hivi; una milango ya protini. Seli husukuma tindikali nje, na tindikali inaporudi kupitia mlango ule, huingia pamoja na sukari. Majani mawili ya kwanza ya mche wa mbarika hufyonza hivyo sukari iliyo kwenye mbegu.

"Kumbe sisi tulipopanga foleni ya sukari dukani, magugu yangu yalijipatia tu?"

"Nayo yana foleni, shangazi. Mlango hupitisha kidogo kidogo."

Alicheka mpaka akashika mbavu. Kisha tukang'oa kikapu kizima cha miche michanga. "Nawa vizuri," akanionya, "mbegu hizo ni sumu."

Jumapili niliteremka kikapu kikiwa kichwani. Waumini waliotoka misa wakaniuliza nauza nini. "Milango!" nikajibu, nikapita mbio.

Jumatatu, maabara. Tulibandua mbegu iliyoyafunika majani yale mawili ya kwanza, tukayaweka katika vyombo viwili vya maji yenye rangi ya kupimia tindikali, ambayo huwa manjano tindikali ikizidi na kijani ikipungua. Tukasubiri hadi maji yakawa manjano: seli zilikuwa zimetoa tindikali. Nikatia sukari katika chombo kimoja. Manjano haikubadilika. Nikakitikisa chombo taratibu.

"Mwalimu…" Adela akaanza, kisha akakiinamia chombo. Manjano ilikuwa inageuka kijani! Chombo kisicho na sukari hakikubadilika.

"Inaingia! Tindikali inaingia na sukari!" Adela akapiga kelele. Darasa zima likaruka, na mimi, mtu mzima, nikaruka nalo.

Tulipotulia, Adela akauliza, "Tukiyachemsha majani kwanza, milango itapitisha sukari?"

Kitabu kilikuwa na jibu, nami nililijua. Lakini safari ile ilikuwa imenifundisha kwamba mtu hutamani kuona kwa macho yake. Nikawasha jiko.