Kufuli Mbili za Nje

Nilifika Kisangani juu ya mifuko ya vitunguu. Lori liliondoka Butembo asubuhi yenye ukungu, baridi ikiuma masikio, na sisi abiria tulikaa juu ya mzigo tukishikilia kamba. Baada ya Komanda barabara iliingia msituni na haikutoka tena. Karibu na Mambasa tulikwama kwenye matope pamoja na malori mengine. Tulilala hapo, tukapika hapo, tukazoeana kama majirani wa mtaa mmoja. Wanawake walianza kuuza chai, na mwanamume mmoja akaanza kunyoa watu chini ya mti bila kuwa na kiti. Tulipotoka hapo tulikwama tena mbele ya Bafwasende, na vitunguu vikaanza kuoza chini yetu. Hata leo nikikutana na harufu hiyo sokoni, nageuka kulitafuta lile lori.

Mvua iliponyesha, utingo alituvutia turubai juu ya vichwa na kulifunga kwa kamba pande zote: watu, kuku na vitunguu pamoja. Mama mmoja alilia kwamba anakosa pumzi. Mimi nililala. Ninapokumbuka sasa nashangaa. Nilikuwa gizani, fundo la kamba likiwa mikononi mwa mtu mwingine, na nikalala usingizi mzito.

Nilikuwa nimeshapita miji mingi. Bunia niliuza viatu vya mitumba, Goma nilibeba mawe meusi ya kujengea, na kwenye machimbo niliosha mchanga nikitafuta dhahabu nikapata homa. Kila mji niliuchoka, na kila nilipouacha nilianza kuukumbuka. Sasa nilikuwa nakaribia miaka arobaini na nilitaka kutulia mahali. Kwetu kila mtu anajua njia. Unakwenda kwa patron, tajiri wa kwenu aliyefanikiwa mbali, unamfanyia kazi miaka bila kuuliza sana, na siku moja anakufungulia. Maana yake anakupa bidhaa za kuanzia na mlango wako wa duka, nawe unakuwa mtu. Patron wangu mwenyewe alifunguliwa hivyo, na aliyemfungulia naye vilevile.

Bohari yake ilikuwa mtaa wa nyuma ya soko kubwa. Kuta nne, mlango mmoja wa chuma, hakuna dirisha, ila matundu ya hewa juu kabisa chini ya bati. Ndani kulikuwa na sukari, mchele, sabuni, mafuta ya kupikia, na baadaye madumu ya petroli. Mlango ulikuwa na kufuli mbili, zote za nje. Moja ilikuwa ya patron, nyingine ya mdogo wake, kwa sababu biashara ilikuwa yao wote wawili. Walipendana ndugu hao. Walikula sahani moja na kucheka vichekesho vilevile vya utotoni. Lakini hakuna aliyeweza kuingia bila mwenzake, na nadhani ndiyo maana waliendelea kupendana.

Mimi nilikuwa wa ndani. Jioni walipanga magunia, wakaniaga, wakafunga, kila mmoja kufuli yake. Asubuhi walikuja pamoja wakafungua. Jumapili nilisubiri mpaka misa iishe.

Kazi yenyewe ilikuwa kukohoa. Patron alinifundisha siku ya kwanza, kwa lugha ya kwetu, akiwa amekaa juu ya gunia la mchele.

"Mtu akitikisa mlango usipige kelele. Kelele ni ya mtu anayeogopa. Wewe kohoa kama mzee aliyeamshwa. Mwizi akiona kufuli nje anafikiri hakuna mtu. Akisikia kikohozi anafikiri, huyu ametoka wapi? Anakwenda kwingine."

Nilicheka, lakini ilifanya kazi. Nilikuwa na kikohozi kizuri, kizito. Majirani walinisifu.

Mbele ya mlango alikaa mama mmoja aliyeuza lituma, zile ndizi za kuponda tunazokula pale mjini, na samaki wa kuvukizwa kwenye majani. Kila asubuhi mlango ulipolia alikuwa wa kwanza kunisalimu.

"Bonjour, mufungwa! Leo wamekuhurumia?"

"Mama, mimi niko hoteli. Sukari ya bure."

"Sukari bila chai! Hoteli gani hiyo? Kuja ukule kwanza, uso yako iko kama ya mutu wa kilio."

Nilikula kwake na kutazama jua. Hivyo miaka ilipita. Niliogopa panya tu, na kidogo ile harufu ya petroli.

Siku niliyoanza kuogopa kweli ilikuwa ya katikati ya juma. Vijana wa pikipiki walikuwa na hasira kwa jambo ambalo sikulielewa vizuri hata baadaye. Adhuhuri tulisikia filimbi na makelele upande wa boulevard, na maduka yakaanza kufungwa moja baada ya jingine, mabati yakigonga mtaa mzima. Patron alitazama juu, akamtazama mdogo wake, kisha akanitazama mimi.

"Ingia, ndugu yangu. Tunafunga."

Niliingia. Sikuambiwa mara mbili. Nilisikia kufuli ya kwanza, kisha ya pili, kisha viatu vyao vikienda mbio. Patron alikwenda kwake, si mbali. Mdogo wake alikwenda mtoni, akapanda mtumbwi, akavuka kwenda Lubunga alikokuwa na mke na watoto, pamoja na ufunguo wake.

Umati ulikuja. Mlango ulitikiswa na nikakohoa. Ulitikiswa tena nikakohoa tena, na wakapita. Nilijisikia mtu wa maana sana. Halafu wakachoma matairi ukutani mwa jirani yetu, ambaye aliuza magodoro.

Moshi wa matairi uliingia kwa yale matundu ya juu. Haukuanguka mara moja. Ulikaa chini ya bati kama wingu, mweusi, halafu ukaanza kushuka pole pole juu ya magunia. Nililala kifudifudi kwenye sakafu, pua kwenye ufa wa mlango. Sasa nilikohoa bila kufundishwa. Na mgongoni kwangu, kwenye kona, kulikuwa na madumu ya petroli. Sikuyatazama. Niliyasikia kwa ngozi, kama unavyosikia mtu amesimama nyuma yako.

Kisha viatu vikaja, na sauti ya patron, karibu na kichwa changu.

"Nakusikia, ndugu yangu. Uko unafanya kazi vizuri. Endelea hivyo."

"Patron, ni moshi! Fungua!"

Nilisikia ufunguo wake ukizunguka na kufuli yake ikitoka. Mlango ulitikisika kidogo ukabaki palepale. Nadhani ni hapo tu, sisi wote wawili, tulipokumbuka ile nyingine, nikamsikia akimpigia simu mdogo wake.

Mama wa lituma hakuwa amekimbia. Alikuwa amejificha na sufuria zake chini ya baraza, na sasa nilisikia sauti yake.

"Patron, vunja hiyo kadena!"

"Nikivunja, mlango utabaki wazi. Wako pale kwenye kona, unawaona. Wataingia wote."

"Donc mutu akufe juu ya sukari?"

"Hafi, mama. Mdogo wangu nimemupigia simu. Yuko anatafuta mtumbwi."

"Mitumbwi yote imesimama! Weye hauone? Mutu iko ndani!"

"Ngoja kidogo."

"Ningoje nini? Bon, leta jiwe, nitavunja mimi!"

"Mama, tafadhali. Ngoja kidogo."

Alisema kwa upole. Hilo ndilo lililobaki ndani yangu. Patron hakuwa mtu mbaya. Homa iliponishika mwaka wangu wa kwanza alinipeleka hospitali kwa gari lake na kukaa nami. Sasa alikuwa amesimama upande wa pili wa bati la chuma, lisilofika hata unene wa kidole, na nilimsikia akipima. Mkono mmoja mimi, mkono wa pili bohari. Hakutaka kupima, lakini alipima, na ilimchukua muda.

Mvua ndiyo iliyotuamulia. Ile mvua ya Kisangani inayoanguka bila kutanguliwa na upepo. Matairi yalizimika, umati ukatawanyika, na mdogo wake akafika amelowa mpaka mfukoni, ufunguo mkononi. Walifungua. Patron alinikumbatia akalia machozi kabisa. Alininunulia Fanta baridi, akasimama kunitazama ninavyoinywa. Magodoro ya jirani hayakushika moto. Sukari yetu ilinusa moshi kwa wiki kadhaa, ikauzwa yote.

Baada ya hapo kila mtu alilifanya kichekesho. Mdogo wa patron aliniiga nilivyotoka, uso mweusi, macho mekundu. Nami nilicheka. Lakini jioni, kufuli ya pili iliposhika, moyo wangu ulianza kwenda kama mtu anayepanda ngazi mbio. Nilihamisha godoro langu mpaka mlangoni. Nililala pua kwenye ufa.

Nilijiuliza kila siku, nikae au niondoke. Nikiwa nje, juani, jibu lilikuwa kukaa. Ningekwenda wapi? Nilikuwa nimebakiza kidogo tu kufunguliwa. Kurudi Butembo mikono mitupu, na mvi zimeanza, kukutana na niliosoma nao wakiwa na nyumba za matofali, hiyo nayo ilinitisha. Lakini nikiwa ndani, jibu lilikuwa jingine. Hofu mbili zilikuwa zimenishika, kila moja upande wake wa mlango, na kila siku nilitolewa kwenye moja nikakabidhiwa nyingine.

Nikajikaza, nikaomba njia ya kutokea. Sikutaka ufunguo wa biashara, nilitaka kimlango kidogo tu kwenye ule mlango, chenye komeo la ndani.

Patron alifikiri vizuri kabla ya kujibu. "Ukiwa na njia ya kutoka, ndugu yangu, wanaweza kukulazimisha uwafungulie. Sasa hivi hata wakikutisha huwezi. Unaona? Hiyo inakulinda wewe."

Niliona. Ilikuwa na akili, na hiyo ndiyo iliyonitia hofu zaidi. Kama angekuwa mkorofi ningeondoka siku ileile.

Mvua zilipita, na asubuhi moja patron akaja amevaa shati la kanisani ingawa haikuwa Jumapili. Alinipakia nyuma ya pikipiki yake, tukavuka mto kwa bac, kile kivuko kikubwa cha magari, kwenda Lubunga. Njia nzima alitabasamu. Karibu na stesheni ya zamani ya reli alisimama mbele ya nyumba ndogo iliyopakwa chokaa mpya.

"Yako," alisema.

Niligusa ukuta. Chokaa ilibaki vidoleni. Niliona sukari yangu pale kushoto, sabuni pale kulia, na mimi nikiwa nyuma ya meza, watu wa vijiji vya Opala wakishuka na mizigo yao na kuniita patron. Kuanzia lile lori la vitunguu ndicho nilichokuwa nakingoja, na sasa kilikuwa mbele yangu na harufu ya chokaa.

Kisha nikauona mlango. Ulikuwa wa chuma, mpya, mweusi, umechomelewa na fundi yuleyule wa soko. Nje una vishikio viwili vya kufuli. Ndani hauna kitu.

"Viwili?" niliuliza.

"Kimoja chako, kimoja changu, mpaka utakaposimama mwenyewe. Ndivyo tulivyofanyiwa sisi."

"Na ndani?"

"Utaita mtu wa kwenu. Si uliniambia dada yako ana kijana mkubwa hana kazi? Mlete. Nitamfundisha mimi mwenyewe kukohoa."

Alisema hivyo kwa furaha, kama baba. Niliingia ndani kidogo. Kulikuwa na matundu ya hewa juu, chini ya bati, mazuri, ya maua. Nilisimama chini yake nikayatazama, na jasho likanitoka mwilini mchana kweupe, mlango ukiwa wazi nyuma yangu. Nilijiona nimesimama nje siku moja, ufunguo wangu mkononi, nikisema kwa upole ngoja kidogo. Nilijua ningesema. Ningekuwa na sukari yangu mwenyewe.

Kurudi, juu ya bac, patron alizungumza habari za bei. Mimi nilitazama maji.

Jioni ile niliingia bohari kama kawaida. Sikulala. Walipofungua asubuhi, patron kwanza, mdogo wake baadaye, nilitoka na mfuko wangu begani. Mama wa lituma aliuona mfuko kabla yao.

"Eh! Mufungwa anatoroka!"

"Naenda, patron," nilisema kwa lugha ya kwetu. "Mpe mwingine ile nyumba. Asante kwa yote."

Alidhani ni mzaha. Kisha akaona si mzaha, na uso wake ukaanguka. "Nimekukosea nini? Umebakiza kuingia tu."

"Naogopa, patron."

"Unaogopa nini? Umepata!"

Sikuwa na namna ya kumweleza bila kumtukana, na sikutaka kumtukana. "Naogopa tu," nilisema tena. Mdogo wake alicheka kidogo, halafu akaacha.

Mama alinifungia lituma kwenye majani, pamoja na kipande kikubwa cha samaki, akakataa niufungue mfuko wangu kumlipa. "Ukule njiani. Na usikohoe mu camion, watakushusha wakidhani uko na tibi ya kifua."

Nilipanda toleka, nyuma ya kijana mwenye baiskeli iliyolia mnyororo, kuelekea yanakoegeshwa malori ya Butembo. Niligeuka mara moja. Ndugu wawili walikuwa bado mbele ya mlango wazi, kila mmoja na ufunguo wake mkononi. Mkubwa alitazama ndani, kisha akamtazama mdogo. Mdogo alitazama ndani, kisha akarudi nyuma hatua moja.