Mama Chaji Hataji Mtu

Saa kumi na mbili asubuhi, jua halijanawa uso, na tayari watu kumi na mmoja wamepanga foleni mbele ya kibanda cha mbao kilichoegemea ukuta wa karakana ya baiskeli. Kila mmoja ameshika simu iliyokata roho. Mwanamke wa miaka hamsini na mbili anazipokea kama mkunga, anazichomeka, na kila moja anaifunga kipande cha kitambaa. Kipande pacha anampa mwenye simu.

Wateja humwita Mama Chaji. Jina lake halisi, anasema, hata mumewe hulitafuta kwanza.

Juu ya bati kuna paneli moja ya sola. Jua likiwaka, huchaji simu arobaini kwa siku. "Mawingu yakija zinashuka hadi kumi na tano, nami nashuka nazo," anasema.

Msimu huu wa kampeni, simu huja na maagizo. Kibanda kiko mwinukoni na mtandao unashika vizuri mno. Wenyeji wanaapa kwamba kuku akipita hapo na waya mdomoni hupokea ujumbe. Basi wateja huacha simu bila kufuli, wakiomba wafunguliwe ukurasa wa mgombea fulani ili video ishuke wakiwa kazini. Wasiojua kuandika humtajia maneno, naye huwaandikia.

"Wagombea wanadhani anayenyamaza kwenye simu hana siasa," anasema, akipangusa kioo kwa kanga. "Hana bando huyo. Bando la wiki ni kilo mbili za unga. Mwingine bando analo, ila kwenye kundi la ukoo wamo wakwe zake. Utaandika nini mbele ya baba mkwe?"

Wiki tatu zilizopita kazi hiyo nusura imkoseshe kibanda.

Vitambaa vyake hukatwa kwenye gauni kuukuu, na siku hiyo simu mbili nyeusi zilipata maua yaleyale. Moja ilikuwa ya mteja aliyemtajia maneno ya kumpongeza mgombea wake: "Baba, kura yangu na ya nyumba yangu nzima ni zako." Ya pili ilikuwa ya Fundi, mwenye karakana na ukuta, ambaye pia ni katibu wa kampeni wa mgombea mpinzani. Mama Chaji akaichukua ya Fundi, akaandika kwenye ukurasa wa mgombea wa yule mteja, mbele ya wote, akatuma.

Kabla Fundi hajamaliza kuziba pancha moja, alikuwa ameondolewa kwenye makundi manne ya kampeni.

"Mama Chaji, umenivua nguo mchana," alikuja kumwambia, mikono imejaa grisi.

"Nimekosa, kaka yangu. Kidole changu hicho."

"Maneno yale ya nani? Nitajie, ukuta ubaki wako. Usiponitajia, Jumamosi utafute pa kuegemea."

"Nikikutajia ya mwenzako leo, kesho nimtajie nani ya kwako?"

Fundi akachukua pampu yake, akarudi karakana.

Jioni ile Mama Chaji, ambaye mwenyewe hakuwahi kutia neno kwenye kundi lolote kwa kumwogopa shemeji yake, alijirekodi sauti, akaituma kwa wafuasi wa pande zote mbili. "Aliyebonyeza ni mimi. Fundi alikuwa ameinamia mnyororo. Mwenye maneno simtaji, hata mkija na tingatinga."

Sauti ilizunguka hadi ikamrudia mwenyewe mara tisa. Mara moja ilitoka kwa mama mkwe wake, ambaye hakuitambua. Aliongeza, "Msikilizeni huyu, ana akili kuliko wake za wanangu."

Makundi yalimrudisha Fundi. Jumamosi akaja na nyundo, majirani wakasogea kutazama kibanda kikibomolewa. Akapigilia ubao mpya ukutani, wa kuwekea simu zaidi.

"Ukurasa wa yule mgombea aliyepongezwa niliuacha wazi mimi mwenyewe, ndiyo maana mama hakushtuka," anakiri sasa bila aibu. "Jamaa anachekesha kwenye video zake. Kura simpi, ila nacheka. Mama aliuona, na kwenye ile sauti hakusema. Nimfukuze mtu kama huyo, siri zangu nizichaji wapi?"

Tangu siku hiyo simu zinazoletwa zimefika sitini kwa siku, zaidi ya uwezo wa paneli, nyingine za watu wanaopita vibanda vingine viwili vya kuchaji njiani. Mama Chaji anaweka akiba ya paneli ya pili. Ameomba pia benchi kwa seremala, na kila Ijumaa alasiri huwafundisha wasiojua kuandika kujirekodi wenyewe, ili kidole chake kisiingilie tena kura ya mtu.

"Watatu wameshaweza," anasema. "Mmoja alimrekodia mgombea dakika kumi na moja, zote za kuomba daraja, bando likamwishia njiani. Anaweka akiba ya jingine. Anasema bado hajafika kwenye shida ya maji."