Injini Mpya na Kabati la Mama

Nichekeni tu, mimi mwenyewe bado naona aibu kupita njia ile. Majuzi pikapu yangu ilifungwa injini mpya, na fundi wangu pale Biharamulo mjini akanionya: "Injini hii bado ngeni, bwana. Izoeze taratibu. Ukiikimbiza sasa, utarudi kwangu unalia."

Nikaondoka kwenda Kaniha kumpelekea mama kabati. Nilililaza nyuma, nikalifunika shuka jeupe lisiingie vumbi. Kwa kuwa nilikuwa natambaa kama kinyonga, nikawasha indiketa zote mbili ili wenye haraka wanipite.

Hakuna aliyenipita! Bodaboda zilijipanga nyuma yangu, kimya. Wenye baiskeli walishuka, wanaume wakavua kofia, akina mama wakatua ndoo. Mimi, kwa ujinga wangu, nikajua wanausikiliza mlio wa injini mpya. Nikatabasamu, nikawapungia mkono, hata honi nikawapigia. Mama mmoja alijishika kichwa. Wivu huo, nikasema moyoni.

Nilipofika nyumbani, bodaboda zote zikaingia nami uani. Mama akatoka, akaliona lile shuka, akaangua kilio bila hata kujua anamlilia nani. Mzee jirani yetu akaja upesi, jembe begani.

"Shikamoo, mzee," nikasema, bado natabasamu.

"Marahaba, mwanangu. Pole sana. Kaburi tuchimbe upande gani?"