Moto Mdogo wa Klaudia

Pwe. Kisha kimya. Kisha pwe tena.

Ilikuwa sauti ya tone la maji likidondoka kutoka kwenye jani la mgomba lililofunika chungu na kurudi ndani. Waliokaa jirani na Klaudia kule Buganguzi waliikumbuka hata baada ya vyungu kuisha majumbani na sufuria kushika nafasi yake. Samaki wa watu wengine alichemka, na mpita njia alimsikia akiwa bado barabarani. Wa Klaudia, ilibidi uiname karibu na jiko ndipo umsikie.

Alizaliwa ufukweni, chini ya mji wa Bukoba, miaka michache baada ya Mjerumani kuondoka na Mwingereza kuingia. Baba yake alivua kwa ndoana na migono. Mama yake, Kokuberwa, alipika kile ambacho sokoni hakikupata mtu. Alilipitisha jani la mgomba juu ya moto mpaka likalegea na kung'aa, akamlaza samaki humo na kitunguu na nyanya, akafunga kwa kamba ya mgomba. Chini ya chungu alipanga uti wa majani uliokatwa vipande, akamimina maji ya kulowesha tu, akaweka kifurushi juu yake ili kisiguse maji, akafunika kwa majani mengine. Kuni alizivuta nje, yakabaki makaa.

"Moto usimwone samaki," alimwambia binti yake. "Usikie tu habari zake."

Klaudia alikua akiamini kwamba dunia nzima hupika hivyo.

Alipoolewa na Datius, mwana wa Karugendo, alipandishwa Buganguzi, kwenye migomba na kahawa, mbali na ziwa. Kule samaki alifika akiwa amekaushwa kwa moshi, mgumu kama kuni, amefungwa kwa majani makavu ya mgomba. Mama mkwe wake, Kokubanza, alimloweka jioni, akambandika asubuhi, akamchochea mpaka wanaume walipotoka shambani. Wala hakukosea, kwa kuwa samaki wa moshi hutaka hivyo. Ila Kokubanza hakuwahi kushika samaki mwingine maishani mwake, na aliamini kwamba samaki ni samaki.

Klaudia hakubisha. Mkamwana alipewa jembe, alipewa mtungi, alipewa hata watoto wa shemeji kuwalea, lakini moto wa nyumba ulikuwa wa mama mkwe. Mkamwana aliweza kuleta kuni. Kusema ziwekwe ngapi halikuwa neno lake.

Kisha vita vikaja, na Datius akachukuliwa Keya, jeshi la Mwingereza. Alikwenda Burma. Barua zilikuwa chache, na ziliposomwa na katekista zilifanana zote: yu mzima, anawasalimu. Alirudi mwaka wa arobaini na sita akiwa na buti, koti, na taya lililopigwa na kipande cha bomu, likaungwa, likashika upande mmoja. Aliweza kusema. Kutafuna hakuweza.

Mtu asiyetafuna, Uhayani, hupotea polepole bila mtu kumfukuza. Mgeni akifika huletewa kahawa ya kutafuna, buni zilizochemshwa na kukaushwa, na mwenye nyumba huchukua pamoja naye. Datius alichukua, akashukuru, akatia mfukoni. Chakula kilipotengwa, wanaume walizunguka majani ya mgomba yaliyotandazwa juu ya nyasi za sakafuni, ndizi katikati, mboga pembeni, kila mtu na upande wake. Datius aliweza kuziponda ndizi kwa ulimi, lakini maharage yalimsumbua, nyama ilimshinda, na nyuzi za samaki wa moshi zilimpalia. Wengine walipokuwa wakimaliza, yeye alikuwa bado na tonge la kwanza. Na Karugendo, mkubwa wa mlo, akishanawa, mlo umekwisha. Ndivyo ilivyokuwa tangu zamani.

Siku moja mdogo wake, Mujuni, alicheka. "Kaka anakula kama bibi harusi. Mfunikeni shuka!"

Watu walicheka kidogo, naye Datius akacheka nao. Tangu siku hiyo hakuketi tena. Alikunywa uji nyuma ya nyumba, karibu na zizi la mbuzi, amewapa watu mgongo. Mwili ulimwisha. Koti la jeshi likawa linamvaa yeye. Mambo ya shamba yalizungumzwa penye chakula, na kwa kuwa hakuwapo, Mujuni ndiye aliyeulizwa migomba ipi ing'olewe na mibuni ipi ipandwe.

Klaudia aliyaona hayo akiwa upande wa pili wa ukuta wa matete, walikokula wanawake. Alitaka jambo moja tu: mumewe arudi kwenye majani, ale na wanaume wenzake mpaka ashibe.

Wakati wa kuchuma kahawa alimwuliza, wakiwa kwenye mbuni mmoja, yeye upande huu na Datius upande ule.

"Kule hospitali ya jeshi ulikuwa unakula nini?"

"Uji."

"Uji tu, miezi yote ile?"

Datius alichuma kwanza. "Kulikuwa na samaki wa kopo. Mwekundu, kama udongo wa barabarani. Wazungu wanamwita samoni."

"Mwenye mifupa?"

"Mifupa yake laini, inapondeka. Yeye mwenyewe ana majimaji. Ukimweka mdomoni anajifungua." Aliinamisha tawi jingine. "Yule nilimla."

Klaudia hakuwahi kumwona samoni. Makopo yake yaliuzwa Bukoba mjini, kwa watu wa mishahara. Lakini samaki mwenye majimaji, anayejifungua mdomoni, alimjua tangu hajaota meno.

Pale Muleba alikuwapo mtu aitwaye Mushumbusi, mchuuzi aliyepandisha samaki wa moshi kwa baiskeli. Klaudia alimkuta sokoni.

"Niletee mbichi."

"Mbichi! Shemeji, jua hili? Nitafika nikifukuzwa na nzi wote wa Uhayani."

"Ondoka ziwani alfajiri. Mfunge kwa majani mabichi, mwagia maji kila ukivuka mto. Niletee mbofu, yule asiye na magamba wala vimiba."

"Na akinuka?"

"Akinuka utamla wewe."

Mushumbusi alicheka, lakini Jumapili alimleta, mbofu mnene, ngozi bado inateleza. Klaudia alikata majani, akayababua, akafunga, akapanga chungu kama mama yake. Alivuta kuni nje, akaacha makaa. Alimwomba Datius aketi na wenzake siku hiyo, mara moja tu, kwa ajili yake. Datius akakubali. Klaudia akaenda misani akiwa na moyo mwepesi.

Kokubanza alibaki nyumbani. Alikuta moto karibu umezimika na chungu kimenyamaza. Masikini mkamwana, alifikiri, moto umemfia naye hajui. Alirudisha kuni zote, akapuliza mpaka machozi yakamtoka. Akafungua vile vifurushi, akavimwaga vipande vya samaki kwenye maji mengi, akavichemsha kwa bidii mpaka misa ilipotoka. Alifanya hivyo kwa upendo, kwa kuwa mlaji alikuwa mwanawe.

Datius aliketi. Alitia kipande mdomoni. Kilikuwa kama pamba. Alikizungusha, akakibana upande wa taya lililo hai, akajaribu kumeza, akapaliwa mpaka machozi yakamtoka mbele ya baba yake na mbele ya Mujuni, ambaye safari hii hakucheka, na hilo lilikuwa baya zaidi. Karugendo alinawa. Datius alitoka na tonge la ndizi mkononi, akawapa mbuzi.

Jioni alimwambia mkewe, bila hasira, "Usinialike tena."

Klaudia alitazama chungu, akaona maji, akaona kuni, akaelewa. Alilala na jambo hilo siku kadhaa. Angemwambia mama mkwe kwamba aliharibu, angekuwa amemvua nguo. Asingemwambia, samaki wa pili angekufa kifo kile kile.

Mushumbusi alipoleta mbofu mwingine, alikwenda kwa Kokubanza, akapiga magoti kama mtu anayesalimia asubuhi.

"Mae, nina shida ya kukuomba."

"Sema, mwanangu."

"Samaki wetu wa ufukweni nilimwacha juzi bila kukueleza tabia zake. Leo sitaki kuwa peke yangu. Kaa nami jikoni unisaidie."

Kokubanza alikunja uso. "Nikusaidie nini? Kuchochea?"

"Kusikiliza."

"Nimsikilize samaki? Ana nini cha kusema?"

"Anasema kidogo sana, Mae. Ndiyo maana masikio mawili hayatoshi."

Kokubanza alimtazama. Hakuwa mjinga. "Kwa hiyo mimi ndiye niliyemnyima mwanangu chakula siku ile."

"La. Ni mimi niliyeondoka nikanyamaza."

"Ninyi watu wa ziwani," alisema Kokubanza, "mnateleza kama samaki wenu." Lakini alivuta kigoda, akaketi.

Walipika pamoja. Mmoja alibabua majani, mwingine akafunga. Klaudia aliuliza kila hatua kana kwamba yeye ndiye mgeni: jani hili linatosha, Mae? Kamba hii umeikaza, Mae? Kisha akavuta kuni nje, na hapo Kokubanza akashika kifua.

"Umeuzima!"

"Bado upo. Inama."

Waliinama wote wawili, vichwa karibu vigusane. Pwe, kilisema chungu. Kisha kimya.

"Ndiyo hiyo?"

"Ndiyo hiyo. Ikifuatana mbio, tunapunguza makaa. Ikikoma kabisa, tunaongeza moja."

"Huyu hapikwi," alinong'ona Kokubanza. "Huyu anakandwa kama mzazi."

Mara kwa mara mkono wake ulikwenda wenyewe kwenye kuni, ukaishika, ukaiacha. Nje Karugendo alipaza sauti kuuliza kama chakula kimekwenda kuzikwa. "Kinasema," Kokubanza alimjibu, "na wewe nyamaza tukisikie!" Hakuna aliyewahi kusikia mwanamke huyo akimjibu mumewe hivyo, na Karugendo mwenyewe alishangaa mpaka akanyamaza.

Kazi ya kumrudisha Datius aliifanya Kokubanza. Alitoka, akamkuta karibu na zizi na bakuli lake la uji, akalichukua bakuli, akaumwaga uji chini ya mgomba.

"Mae!"

"Nenda ukaketi. Mkeo ameniweka jikoni tangu asubuhi namsikiliza samaki kama mwehu. Usipokula nitakuchapa na buti zako mwenyewe."

Datius akaenda.

Siku hiyo hapakuwa na chakula cha mgonjwa na chakula cha wazima. Klaudia alikuwa amekataa kumpikia mumewe kando. Ndizi zilikuwa zimeiva mpaka zikalegea, na vifurushi vya samaki viliwekwa kimoja kimoja mbele ya kila mwanaume, vyote sawa. Wanawake walirudi nyuma ya ukuta wa matete, wakaketi, hawakula.

Vifurushi vilifunguliwa. Mvuke ulipanda. Nyama ya mbofu ilikuwa nyeupe, inang'aa, imekaa ndani ya mchuzi wake mwenyewe, na ukiigusa kwa kidole inaachana vipande.

"Huyu samaki amewanyima meno kazi," ilisikika sauti ya Mujuni.

"Yako yapumzike," alijibu Karugendo, ambaye yake yalibaki machache. "Na mdomo nao upumzike."

Kisha wakala bila maneno. Klaudia alijaribu kutofautisha kwa masikio ni nani anakula na nani ameacha, lakini ukuta ulimchanganyia. Mtu alikohoa, naye Klaudia akashika mkono wa mama mkwe wake. Aliyekohoa alikuwa Mujuni. Muda ulipita, ule ambao kwa kawaida Karugendo angekwisha kudai maji ya kunawa. Hakuyadai. Kokubanza alichungulia kwenye upenyo wa matete, akarudi.

"Mzee anachokora jani. Samaki amekwisha, anachokora tu."

"Na Datius?"

"Sijamwona, Mujuni amemkinga."

Ndipo Datius aliposema, kwa sauti ya mtu aliyejaza mdomo, "Jamani, huko jikoni chumvi imekatazwa? Samaki mzuri hivi, na hana chumvi hata chembe!"

Kokubanza aligeuka kwa ukali. "Si uliweka wewe?"

"Nilidhani umeweka wewe, Mae."

"Mimi nilikuwa nasikiliza!" Alishika kibuyu cha chumvi, amefedheheka, anataka kuinuka. "Miezi na miezi tunamlisha, hajasema neno. Hasifu, halaumu, ni kumeza tu kama dawa. Leo ndiyo anapata mdomo wa kulalamika!"

Klaudia alimshika upindo wa nguo, akamketisha tena.

"Mae," alisema, polepole, kwa sauti iliyokaribia kutosikika, "amelalamika."