Vidonda vya Tumbo vya Kivuti

Huko juu ya Runyenjes, pale kahawa inapoanza kuyaachia majani chai nafasi, hakuna mgonjwa aliyewahi kutunzwa kama Kivuti seremala. Kila asubuhi jirani yake Gachoki alivuka ua na kopo la maziwa, akasimama palepale mpaka Kivuti ayamalize, maana alishaamua kwamba mgonjwa wa vidonda vya tumbo ni mtu wa kusimamiwa. Cicily wa kwaya alimletea maji ya kabichi mbichi, kitu ambacho hata ng'ombe angekinywa kwa kulazimishwa. Mchungaji aliliombea tumbo lake mbele ya kanisa zima. Na penye sherehe yoyote, wenzake wakijipakulia githeri ya mahindi na maharagwe, Kivuti aliletewa sahani yake peke yake ya viazi vilivyopondwa, visivyo na pilipili wala furaha. Githeri aliila kwake, mlango umefungwa, kama mwizi.

Tumbo lenyewe halikuwa na neno. Kivuti alikuwa mlevi aliyeacha.

Mambo yalianzia kwa Njuki, mdogo wake, ambaye alifanya naye kazi katika karakana moja tangu ujana. Njuki alipokufa kwa ajali ya barabarani, Kivuti alikataa katakata jeneza la kununua. Alilitengeneza mwenyewe, akalipiga msasa mpaka likateleza, na makaburini hakudondosha chozi. Watu wakamsifu. Huyo ndiye mwanamume, walisema, na sifa hiyo ndiyo iliyomponza. Baada ya matanga usingizi ulimkimbia. Sauti ya randa ikawa inamtoa jasho, na kitu pekee kilichomnyamazishia moyo kilikuwa pombe. Alianza kwa kuitafuta jioni, akafika mahali pa kuamka nayo. Mikono iliyokuwa ikiunga mbao bila kuacha mwanya ikawa inatetemeka hata ikishika kijiko.

Igoki, mkewe, ni mwanamke asiyependa makelele. Alivumilia mpaka siku alipomkuta amelala karakanani, uso kwenye vumbi la mbao, na msumeno wa umeme bado unazunguka. Aliuzima, akamwosha uso, akampeleka Meru, kwenye nyumba moja upande wa Kaaga inayotibu watu wa namna hiyo. Njiani Kivuti aliomba jambo moja tu, kwamba nyumbani waambiwe ni vidonda vya tumbo.

Tusimcheke upesi. Watu wa huku wakisikia una vidonda, wanakuhurumia. Wakisikia umepelekwa kuachishwa pombe, wanakutazama mikono kila ukishika kikombe. Tena ukikataa pombe kwa sababu umeacha, marafiki watakubembeleza mpaka ujione una kiburi. Vidonda vinakupisha bila maswali. Kule Kaaga, Winfred, mama aliyekuwa akizungumza na wagonjwa, alimfanya amtaje Njuki kwa mara ya kwanza tangu mazishi, na Kivuti alilia mpaka akaona haya, kisha akalala usingizi wa mtoto. Siku ya kuagana Winfred alimwambia kwamba watu wengine wana pombe kidogo na pombe nyingi, lakini yeye hana kidogo. Kivuti aliliweka neno hilo moyoni na kurudi nyumbani na vidonda vyake.

Vikamfaa vizuri, mpaka Wanjira alipopata mchumba.

Wanjira ni kifungua mimba wake, mwalimu, na Kivuti anampenda kuliko macho yake. Mchumba ni Vincent, kijana wa Gachoka, kule chini Mbeere kwenye jua, wa ukoo unaofuga nyuki tangu zamani. Na siku ya ruracio, wakwe wanapokuja na mbuzi na maneno mazuri, kuna jambo moja ambalo halirukwi. Binti anamimina pombe katika pembe, anaonja, anampa baba yake. Baba akinywa, amemkubali kijana. Akiirudisha, wageni wanajua njia waliyojia. Familia nyingi za kanisa siku hizi zimeweka soda, na Kivuti alikusudia kusema hivyo. Lakini Ndambiri, baba yake Vincent, alipopiga simu kuulizia, Kivuti aliogopa kuulizwa sababu. Akasema waje na wanavyozoea, wataelewana. Baadaye alimwambia Igoki kwamba atagusisha mdomo tu.

Siku ikafika. Watu walijaa uani, na Ndambiri, mtu mnene mwenye uso wa ukarimu, akasimama kusema. Alisema kwamba amesikia habari za ugonjwa wa mkwe wake na hazikumwacha alale. Kwa hiyo amechagua asali kwa mkono wake mwenyewe, kutoka mzinga wake bora, akatengeneza muratina, pombe ya asali, ya Kivuti peke yake, laini, isiyokwaruza, kwa sababu kila mtu anajua asali ni dawa ya vidonda. Mkwe wake anywe asibakize, apone. Alifurahi mno mzee wa watu, na uani wakampigia makofi.

Kivuti alipiga makofi pamoja nao.

Wanjira akamimina. Harufu ilimfikia baba kabla ya pembe, tamu, ya nyumbani, na mdomo wake ukajaa mate. Alichukia mate yale. Alikuwa anaitaka, kwa mwili mzima alikuwa anaitaka, na safari hii alikuwa amepewa ruhusa, baraka na makofi. Alipoinua macho akamwona binti yake. Wanjira hakuwa anaitazama pembe, alikuwa anamtazama yeye. Aliinama karibu.

"Baba," alinong'ona, "naweza kuimwaga. Nitasema imeniponyoka."

Hapo ndipo Kivuti alipoumia kweli. Mtoto alikuwa tayari kuingia kwenye ndoa yake na uongo mkononi, kwa ajili yake. Alimshika Wanjira kiwiko, akasimama.

"Mkwe, unisamehe," alimwambia Ndambiri. "Mimi sina vidonda. Sijawahi kuwa navyo. Nilikuwa mlevi, nikapelekwa Meru nikaacha. Nikionja hii, hata kama imetoka kwa mkono ya mtoto wangu, narudi kule. Kijana yako nimemkubali kwa roho yangu yote. Lakini pembe siwezi."

Igoki alishika mdomo. Wazee wa Gachoka walitazamana, Vincent akatazama mbuzi, na Kivuti akaona ameivunja nyumba ya binti yake kabla haijajengwa.

Ndipo Gachoki, aliyeketi nyuma karibu na sufuria, akakohoa.

"Sisi tulijua," alisema.

Kivuti alimgeukia. "Mlijua? Na maziwa yote hayo yalikuwa ya nini?"

"Sasa tungekuletea nini?" Gachoki aliuliza, kama mtu aliyekosewa. "Hiyo ingine hatujui dawa yake. Maziwa ndiyo tulikuwa nayo."

Kivuti alikaa chini akalia, mbele ya wakwe, mbele ya kwaya, bila kujificha. Alimlilia Njuki, akajililia na mwenyewe, na mara hii hakuna aliyemwambia ajikaze.

Ndambiri alikuja, akaitoa pembe mikononi mwa Wanjira na kumpa mtu wake aipeleke mbali, nje ya ua kabisa. Uso wake ulikuwa umeingia hofu.

"Mkwe, ningekuua nikidhani nakutibu," alisema. "Sasa niambie, wewe unakunywa nini?"

Kulikuwa na jibu moja tu. Gachoki alienda kwake mbio, kadiri miguu yake inavyojua mbio, akarudi na kopo. Wanjira akamimina maziwa katika kikombe cha bati, akaonja, akampa baba yake, na Kivuti akanywa mpaka chini. Vigelegele vilisikika mpaka barabarani. Na Cicily akaja na sahani ya githeri iliyopandishwa kama kichuguu, pilipili juu, akaiweka magotini pake. Swali la kabichi alilihifadhi kwa siku nyingine, na mimi ninavyomjua atalileta.

Kesho yake asubuhi Kivuti alikuwa karakanani, anapiga randa mbao za kitanda atakachompa Wanjira. Akamsikia Gachoki anavuka ua, akatoka mlangoni. Jirani alikuwa amebeba kopo lake.

"Gachoki, jana si ulinisikia? Mimi sina vidonda."

"Nilisikia," Gachoki alisema, akifungua kifuniko. "Leta kikombe."