Kioo Kisichowaonyesha wa Pembeni

Aibu yangu haikuwa ile ya kuteleza mbele ya kwaya wala ya kupasukiwa sketi sokoni, hizo ningewasimulia nikicheka na ninyi mngecheka pamoja nami. Hii naisimulia nikiwa nimeinamisha kichwa, na naisimulia kwa sababu wengi wenu mmeshaisikia hapa Mudzipela, na kila aliyeipokea ameongeza chumvi yake, hadi juzi nimeambiwa eti simu yangu ilikuwa na picha za mwanaume. Hapakuwa na mwanaume. Palikuwa na kioo tu, kile kioo chembamba tunachobandika juu ya simu ili isipasuke, sisi tunakiita vitre, na mimi ndiye niliyekichagua kwa mkono wangu na akili zangu zote zikiwa timamu.

Simu yenyewe nilipewa na Désiré, mdogo wa mume wangu Faustin, kitinda mimba wa mama mkwe wangu, aliyekuwa akichimba dhahabu kule Bambu. Aliituma kwa mtu wa pikipiki, imeviringishwa ndani ya fulana, pamoja na ujumbe wa mdomo: hii ni ya bibi ya kaka, yaani mimi, lakini ni ya Mama pia, kwa kuwa macho ya Mama yameingia ukungu na zile simu zenu ndogo hazimsaidii, basi Jumapili nitapiga kwa video, Mama anione uso mzima, na wote nyumbani mnione. Ndivyo alivyosema. Ilikuwa simu kubwa, inang'aa, na mimi sikuwa nimeshika kitu kipya namna ile tangu pete ya ndoa (na pete nayo, tusidanganyane, ilikuwa imeshavaliwa na mwingine kabla yangu).

Sasa niwaambie kuhusu Espérance, dada ya mume wangu, tunayekaa naye kiwanja kimoja. Espérance si mtu mbaya, ana jicho tu. Ukishika simu atasogea, taratibu, kama kuku anayeyakaribia mahindi, atakaa begani kwako na atasoma, na hasomi kimya, anasoma kwa sauti: "Aa, kumbe mama yako anaumwa mugongo tena," "Aa, kwaya munakutana kesho," hata hujamaliza wewe mwenyewe kusoma. Siri sikuwa nayo. Lakini hata mtu asiye na siri anapenda nyumba yake iwe na mlango.

Kwa hiyo siku ya pili nikaenda sokoni kwa yule fundi wa simu mwenye meza ya vioo. Akanipangia aina zake: ya kawaida, iliyo wazi kama maji, halafu yenye kingo nyeusi, halafu ya kuzuia alama za vidole, na mwisho akatoa moja yenye weusi kidogo, akaishika kama mtu anayeonyesha kitu cha serikali.

"Mama, hii ni anti-espion. Weye mwenye iko mbele, unaona. Mwenye iko pembeni, anaona giza. Hata bwana yako akilala karibu yako, haone kitu."

Akacheka, nami nikacheka. Nikajisimamisha pembeni kuijaribu: giza. Nikarudi mbele: naona. Nikaenda upande wa pili: giza tupu. Fundi akaongeza, "Lakini inakulaka mwangaza kidogo, na ukitoka ku jua utaona shida." Hilo nalo nililisikia, msiniulize kwa sikio gani. Nikamwambia abandike.

Jioni ile nilikuwa nimeegemea ukuta, Espérance akasogea ubavuni kwangu kama kawaida yake, akainama huku, akainama kule, akauliza, "Simu yako imezima?" Nikamjibu imezima, wakati nilikuwa nasoma ujumbe wa kwaya. Nilifurahi jamani, nilifurahi kupita kiasi, na wiki ile yote nilitembea hapa kiwanjani kama mwanamke aliyejengewa ghorofa.

Jumapili Désiré hakupiga. Tuliambiwa ana homa. Kabla ya wiki kuisha homa ilimpanda kichwani, na mtu yule yule wa pikipiki aliyeleta simu ndiye aliyekuja kusimama mlangoni, kofia mkononi, akashindwa kuanza maneno, na Mama akayaelewa kabla hayajatoka.

Njia ya Bambu siku zile mnaijua ilivyokuwa. Magari hayakupita, waliojaribu walikuwa watu wa pikipiki tu, na wao waliondoka asubuhi na kuhakikisha wamerudi kabla jua halijalala. Kumleta marehemu haikuwezekana. Kumpeleka Mama na magoti yake yale juu ya pikipiki, kwenye matope yale, haikuwezekana. Faustin akaenda peke yake, na kabla hajaondoka wakakubaliana: watu wa kule watamwosha na kumvika, na kabla sanduku halijafungwa Faustin atapiga kwa video, kwa simu ya marehemu mwenyewe, kwenye hii simu kubwa, Mama amwone mwanawe na kumuaga. Faustin akauliza kama apige na picha. Mama akakataa.

"Picha hapana. Picha ya maiti inabakiaka mu simu, watu wanaangalia sawa vile kitu ya muchezo. Mie nataka nimuone tu, nimuage. Na siye wote tumuone. Mama haangaliake mutoto wake peke yake siku kama hii."

Basi kesho yake tukawa chini ya turubai uani, mikeka imetandikwa, kina mama wa kanisa, majirani, Mama katikati amevuliwa kitambaa cha kichwa, Espérance amemshika upande wa kulia, na mimi upande wa kushoto nimeshika simu kwa mikono miwili kama sahani ya sadaka. Kioo kilikuwa juu yake. Mtaniuliza, Régine, hukufikiri? Nilifikiri. Asubuhi nilikiangalia nikasema nikitoe, lakini Espérance alikuwa pale anapanga viti, nikaona akiniona ninabandua kioo cheusi ataniuliza ni cha nini, nami sitakuwa na jibu. Nikasema Mama atakaa mbele, ataona. Uamuzi wenyewe ndio huo, mdogo hivyo.

Simu ikalia. Na rezo, ule mtandao wa simu, ambayo hapa kwetu hukatika hata mtu akikupigia kukwambia umeshinda zawadi, siku hiyo ilikuwa safi. Sauti ya Faustin ilitoka kama yuko nyuma ya ukuta. "Mama, tuko naye hapa. Nitakuonyesha uso. Munaona?"

Mimi nilikuwa naona. Niliona shuka jeupe, niliona shati la bluu, niliona uso wa Désiré. Nikaisogeza simu mbele ya Mama, na kina mama wote wakaegemea, vichwa vikasongamana kulia na kushoto, na sauti ya kwanza iliyotoka ilikuwa ya Mama mwenyewe.

"Iko giza."

"Iko giza," wakasema wa pembeni. "Hatuone kitu."

Wa pembeni walikuwa sahihi, kioo kilikuwa kinafanya kazi yake. Mama alikuwa mbele kabisa, lakini kwa yale macho yenye ukungu, na jua la uani, na kile kioo kinachokula mwangaza, alichoona ni kivuli. Akaishika simu, akaileta karibu na pua, akaisukuma mbali. "Désiré, mutoto wangu. Sikuone."

Hapo ndipo nilipotakiwa kusema. Maneno machache tu: ngojeni, kuna kitu hapa juu, nikitoe. Lakini kina mama wa kanisa walikuwa wamenizunguka, na nilijua jina la kitu kile, na nilijua mke wa mtu anayeweka kitu kile huulizwa nini. Mdomo wangu ukafunguka wenyewe.

"Ni rezo," nikasema, nikaichukua simu mkononi mwake nikaigeuzia kwangu. "Faustin, rezo iko mubaya. Sogea kidogo, panda fasi ya juu."

Na Faustin akanitii. Mume wangu huyu, ambaye nikimwambia alete kuni hasikii, siku hiyo alinisikia mara moja. Niliona picha ikiyumba, niliona majani, niliona viatu vyake vinapanda kilima, nasikia anavyohema, na kila hatua inamtoa kwenye sanduku. "Na sasa, munaona?" Mama akajibu hapana, mwanangu. "Na hapa?" Hapana. Akapanda tena.

Kisha tukasikia nyundo.

Ilisikika vizuri sana, ile rezo niliyoisema mbaya ilituletea kila pigo. Mawingu yalikuwa yameshafika juu ya Bambu na watu wa kule walikuwa wanaogopa njia ya kurudi kutoka makaburini, na walipomwona Faustin anaondoka na simu kuelekea juu walidhani amemaliza kuonyesha. Espérance akainua kichwa.

"Rezo gani? Sauti iko muzuri hivi, rezo gani?" Akaniacha na Mama, akazunguka nyuma yangu, na kwa mazoea yake ya miaka yote akainamisha uso begani kwangu, pale pale nyuma ya kichwa changu, mahali ambapo kioo kile hakina kizuizi. "Lakini mie niko naona. Naona miti. Naona viatu vya Faustin." Akapeleka kichwa pembeni, akakirudisha. Alielewa mbele ya watu wote. "Régine. Umeweka anti-espion?"

Hakusema kwa ukali, na afadhali angesema kwa ukali. Mama mmoja wa kanisa akasema polepole, kwa kumwambia jirani yake, "Mwanamuke wa ndoa," akaishia hapo, na katika simu sauti ya mume wangu ikauliza kutoka Bambu, mbele ya watu wote wa kilio, "Anti-espion ya nini?"

Nilitia ukucha chini ya ukingo wa kioo nikavuta, hakikutoka, nikavuta kwa meno (ndiyo, kwa meno, kwenye kilio, wakwe wakiniangalia), kikapasuka vipande, kikanikata kidole, na nilipokwangua kipande cha mwisho simu ikawaka kama dirisha lililofunguliwa. Sasa wote waliona. Hata waliosimama nyuma kabisa ya turubai waliona. Waliona viatu vya Faustin vinashuka kilima mbio, waliona watu na majembe, waliona sanduku limefungwa.

Faustin aliwasihi wafungue. Tulimsikia mwalimu wa dini wa kule akimwambia kwa upole, misumari imekwisha kuingia, kaka, na angalia mvua. Wakaanza kubishana, na Mama akainua mkono kama wanaweza kumwona.

"Faustin. Waache. Wasimusumbue tena."

Basi tuliona maziko, vizuri sana, sote, kila koleo la udongo. Simu aliyoituma Désiré ili mama yake amwone uso ilimwonyesha Mama udongo kwa rangi zote. Nililia, na sijui kama nilimlilia Désiré au nilijililia mwenyewe, na mpaka leo jambo hilo linanisumbua.

Walipomaliza, Mama akanigeukia. Nilijiandaa kwa matusi, ningeyapokea yote. Akaniuliza, "Weye ulimuona?"

"Nilimuona, Mama."

"Basi niambie."

Nikamwambia. Shati lilikuwa la bluu, lile alilolivaa kwenye ubatizo wa mtoto wetu. Nywele wamemchana vizuri, wamezilaza upande mmoja, yeye ambaye hakuwa na habari na kitana. Shuka jeupe limefika kifuani. Kina mama wananisikiliza, kwa kuwa katika kiwanja kile kizima mimi peke yangu ndiye niliyekuwa na uso wa Désiré.

"Na macho? Waliyafunga muzuri?"

Nikatafuta. Nikatafuta kichwani mwangu mote, na sikukuta kitu, kwa sababu wakati ule Faustin anaonyesha uso, mimi macho yangu yalikuwa yanamtazama Espérance, kujua kama ameshtuka.

"Sikuangalia muzuri, Mama."

Alivuta kitenge chake akajifunika kichwa.

Faustin aliporudi aliomba simu, nikampa. Akakaa nayo kwenye kiti akasoma yote, ya kwaya, ya mama yangu na mgongo wake, picha za vitenge ambavyo sitavinunua. Akaniangalia. "Ni hivi tu?" Nikamwambia ni hivi tu. Nadhani ingemwia rahisi zaidi kukuta kitu cha kukasirikia. Akairudisha mezani, akaenda kukata kuni bila kuombwa.

Sasa simu yangu iko uchi. Ina mkwaruzo katikati, na nikipita sokoni yule fundi ananiita, mama, kuja tuweke vitre, utapasua hiyo, na mimi nasema ipasuke. Sitaweka tena kioo juu ya kitu ambacho mtu mwingine anaweza kukihitaji kukitazama, na nikikosea mbele za watu nitasema nimekosea pale pale, hata kama kuna kina mama wa kanisa. Espérance anasoma begani kwangu, kwa sauti kama zamani, nami ninamngoja amalize ndipo nifungue ujumbe mwingine.

Na jioni nyingine Mama ananiita mlangoni kwake, ananisogezea kiti, anasema niambie tena. Naanza na shati. Naja kwenye nywele, hapo huwa anatabasamu kidogo. Tukifika kwenye macho nanyamaza, naye hunisubiri, hunisubiri kila mara, kisha anasema tuingie ndani, baridi imeanza.